Fundi Kitambaa na Geti la Nyumbani Kwake

Mzee wetu aliyelala hapa mbele yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ukuta kwa ukuta na karakana ya mabehewa. Baba yake alikuwa fundi wa breki za mabehewa, na mama yake alishona nguo nyumbani. Dada yake mkubwa, aliyetusaidia kukumbuka mambo ya utotoni, anasema marehemu akiwa mchanga hakuwahi kushtuliwa na kelele za nyundo. Alilia Jumapili, karakana ilipofungwa na kukawa kimya. Huenda dada ametia chumvi kidogo, lakini familia imeona tuliache neno lake kama lilivyo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1958. Hesabu na kusoma alivimudu, ila somo lililomtoa kitandani mapema lilikuwa la kuchora. Siku moja mwalimu aliweka mtungi juu ya meza na kuwaambia wanafunzi wauchore. Wenzake wote wakachora mtungi. Marehemu alichora wavu wa dirisha uliokuwa nyuma ya mtungi, tundu kwa tundu, na pale penye mtungi akapaacha peupe. Mwalimu alikuja juu, akamwita mbishi mbele ya darasa zima. Kisha akautazama tena mchoro, akaubandika ukutani. Mwaka 1967 marehemu aliingia shule ya ufundi, akahitimu uchomeleaji mwaka 1970.

Alifanya kazi ya kuajiriwa miaka mitano, halafu mwaka 1975 akafungua karakana yake nyuma ya soko, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na mlango usiofunga vizuri. Enzi zile mageti yote mjini yalikuwa ndugu wa tumbo moja: nondo zimesimama wima kuanzia juu hadi chini, utadhani kila mwenye nyumba amefungwa jela kwake mwenyewe. Marehemu naye alitengeneza ya namna hiyo, na yalikuwa imara. Alikuwa na mazoea ambayo mafundi wote waliopita mikononi mwake wanayajua. Akimaliza kuchomelea kiungo, aligonga kwa nyundo ndogo, akainamisha sikio, akasema, "Imeshika." Asiposikia mlio alioutaka, alikata akaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni anatazama saa.

Lakini moyoni hakuwa na raha na zile nondo. Alisema anajiona kama mtu anayeimba wimbo wenye neno moja. Ndipo mwaka 1977 alipoitwa kwa mwalimu wa muziki kurekebisha grili ya dirisha. Akiwa sebuleni akimsubiri mwenyeji, aliona juu ya mgongo wa kochi kitambaa cheupe cha kufumwa kwa sindano ya ndoano: ua moja kubwa lenye petali nane, na kila petali imejaa vitanzi vidogo. Mwenyeji alipotoka chumbani alimkuta fundi amepiga magoti mbele ya kochi. Marehemu hakuulizia grili. Aliomba aazimwe kitambaa.

Alikitandaza kwenye sakafu ya karakana, akachukua chaki, akachora lile ua mara nane ya ukubwa wake. Wiki mbili alikuwa anakunja vyuma vyembamba juu ya chaki ile, kitanzi baada ya kitanzi. Geti hilo la kwanza lilifungwa kwenye duka la dawa, barabara kuu, na watu walisimama kulitazama. Marehemu aliporudi kazini siku hiyo alitembea kama aliyeongezewa urefu.

Kiburi hicho hakikumaliza wiki. Mchana mmoja aliingia karakanani msichana mwenye mkoba wa nyuzi begani, uso ameukunja.

"Nani fundi wa geti la duka la dawa?"

Marehemu akajifuta mikono haraka, akijua amepata mteja. "Ni mimi, dada. Unataka kama lile?"

"Kama lile nilipeleke wapi? Nataka ukalitoe!"

Ilimchukua marehemu muda kuelewa kwamba aliyesimama mbele yake ndiye mfumaji wa kitambaa cha mwalimu. Akaanza kuomba radhi kwa kutomtafuta kwanza. Msichana akamkatiza.

"Sikuja kwa hilo. Kuiga uige, lakini uige vizuri! Petali ya sita niliruka kitanzi. Mgeni alikuwa ananipigisha soga, nikacheka, nikaruka. Kwenye kochi nani anaona? Upande ule niliugeuzia ukutani. Wewe umelichukua kosa langu, umelifanya kubwa kama sinia, ukalitundika barabara kuu!"

Marehemu alikuna kichwa. "Mimi nilidhani ndio uzuri wenyewe."

"Uzuri gani? Ni pengo."

"Lakini dada, kila anayepita jicho lake linakwenda kupumzika pale pale. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikawaangalia."

Msichana alimwambia ana kichwa kigumu, akaondoka. Baada ya siku chache akarudi na vitambaa vitatu visivyo na kosa hata moja, ili fundi aone kazi inavyotakiwa kuwa. Akaendelea kurudi. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, na huyo ndiye mjane tuliye naye hapa leo.

Kuanzia hapo marehemu hakutembea bila kitambaa mfukoni, na jina la Fundi Kitambaa likamganda. Mke alifuma, mume akakunja chuma. Waliomsifu kwa ubunifu aliwajibu, "Mimi mfuasi tu, mwenye kazi yuko nyumbani anafuma." Lakini hakuishia kwa mkewe. Kila Jumamosi alifunga mapema akasema anakwenda kuazima macho. Alikaa kwenye benchi la mfuma vikapu, akasimama kwa mfinyanzi, akaegemea mlango wa msusi hadi wateja wakaanza kumshuku. Na alichoazima alikirudisha. Akimaliza kazi aliyoipata kwa mtu, alimfuata mtu huyo, akampeleka akaone. Msusi alipoonyeshwa grili ya maktaba iliyofuata mistari ya msuko wake, alicheka hadi akakaa chini. Wiki iliyofuata alikuwa ameanzisha msuko mpya unaoitwa Grili, na wasichana wakapanga foleni. Marehemu alifurahia foleni ile kuliko malipo ya maktaba. Alisema hajui tena nani amemwiga nani, na kwamba hivyo ndivyo inavyopendeza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo majirani wamelicheka miaka yote. Fundi aliyepamba nusu ya mji, nyumbani kwake hakuwa na geti. Palikuwa na mabati mawili yaliyopigiliwa kwenye mbao na kufungwa kwa waya. Wateja wapya walipita, wakarudi, wakaulizia kwa jirani kama kweli hapa ni kwa fundi mageti. Marehemu aliwaambia, "Geti linakuja. Tuko kwenye kikao."

Kikao chenyewe kilikuwa cha watu wawili. Marehemu alitaka geti la nyumbani liwe ua lile lile la kwanza, pamoja na pengo lake. Mkewe alitaka ua lile lile, lakini kamili.

"Bila pengo lile ungekuja kunigombeza?" marehemu alimuuliza. "Hao watoto ungewapata wapi?"

"Kwa hiyo kila mgeni wangu aanze kwa kupokewa na kosa langu? Fundi, ukiliweka, mimi nitapitia dirishani."

Hakuna aliyelegeza. Walipendana, walicheka pamoja, walilea watoto watatu, na kwa jambo hilo moja hawakupeana hata inchi. Watoto walikua, wakaolewa na kuoa, kikao hakijafungwa.

Macho ya marehemu yalianza kufifia mwaka 2012, kwa sababu ujanani alichomelea bila miwani akiona ni mambo ya waoga. Karakana aliikabidhi kwa binti yake, mzaliwa wake wa kwanza, aliyekuwa ameshika nyundo tangu akiwa shuleni. Hata hivyo marehemu alikwenda kila siku, akaketi kwenye kiti chake, akapapasa kitambaa kwa vidole na kumwelekeza binti mahali pa kukunja. Mwaka 2022 kifua kilianza kumsumbua. Alilazwa mara kadhaa, na Mei mwaka huu wa 2024 madaktari wakasema arudi nyumbani akae na watu wake.

Siku waliyomleta, binti alipokuwa akivuta mabati, waya ulinasa sweta la baba yake, na wote wakasimama hapo nje kulinasua. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, bila kucheka, "Siku ya kunitoa msinipitishe hapa. Fundi mageti atolewe kwake kwenye bati? Nitaonekanaje?" Wote walijua siku hiyo haiko mbali.

Jioni alimwita mkewe. "Mama watoto, nimekubali. Petali zote ziwe kamili. Kikao nimekifunga mimi."

"Haya," mkewe akasema, akaenda kutafuta uzi.

Binti alipopita kesho yake alimkuta mama yake dirishani, anafuma petali ile ile, anaifumua, anaifuma tena.

"Mama, leo kimekushinda?"

"Mikono inakataa. Nataka niruke kitanzi, nikifika pale inarudi yenyewe njiani. Miaka yote hii nimeifundisha isikosee, sasa hainisikii." Aliweka sindano mapajani. "Hebu kaa hapa uniongeleshe. Siku ile niliongeleshwa."

Basi binti aliketi, akaanza kumsimulia vituko vya baba yake karakanani: siku aliyompima mteja mnene kwa upana wa geti, siku aliyotumia kitambaa cha mfukoni kufutia jasho akachora ramani ya masizi usoni. Mama alicheka mpaka machozi. Alipotazama tena mikononi, petali ya sita ilikuwa imeshapita, na kitanzi kimoja hakipo.

Walikipeleka kitambaa kitandani. Marehemu alikipapasa polepole, petali kwa petali, kama alivyopapasa vyote. Alipofika ya sita kidole kikasimama.

"Mama watoto, hapa umekosea."

"Nimekosea nini? Wape mafundi kama kilivyo."

Marehemu alikiweka kitambaa kifuani, akalia, na hatuoni haya kulisema. Mkewe akamshika mkono wakakaa hivyo, na binti akatoka akaenda kutafuta chaki.

Mafundi wote wa karakana walilala na kuamka na geti hilo. Lilifungwa tarehe 20 Julai. Marehemu alitolewa kwa kiti, akapewa nyundo ndogo. Aligonga kiungo cha kwanza, akainamisha sikio. Akagonga cha pili na cha tatu. Alimwambia binti yake, "Bawaba ya chini itilie mafuta," na binti akajua amefaulu, maana baba yake hakuwa mtu wa kusifu kabla ya kukosoa. Kisha akaingiza mkono mzima kwenye lile pengo, akauacha humo.

"Imeshika," akasema.

Mzee wetu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2024, chumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupa mabega yao, na mafundi wa kila kazi aliowaazima macho. Msusi amefunga duka leo, na mfinyanzi yuko hapa na vidole vyenye udongo.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho. Ameacha pia geti la duka la dawa, ambalo bado lipo. Atakayepita barabara kuu alitazame, ahesabu petali hadi ya sita.

Asubuhi ya leo Fundi ametolewa nyumbani kwa geti lake, kama alivyotaka. Wabebaji walipokwisha kupita, mjane alibaki nyuma kulifunga. Hakushika komeo. Alipitisha mkono kwenye kosa lake mwenyewe, akalivuta geti, likaitikia.

Lala salama, Fundi Kitambaa. Tumeligonga, tumesikiliza. Imeshika.