Duka la Karibu, Duka la Mbali

BERNADINA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba yako ina tarakimu nyingi mno.

NOELA: Ni mimi, shangazi. Noela. Nakuamkia, mwadila.

BERNADINA: Mwadila, mwanangu. Mhola?

NOELA: Mhola.

BERNADINA: Ngoja nipande hapa kwenye kichuguu, Samuye yote mtandao unashika hapa tu. (anapanda) Haya. Kaka yangu ameamkaje?

NOELA: Ameamka.

BERNADINA: Ameamka tu?

NOELA: Ameamka, shangazi. Sikiliza, salio langu dogo, nina swali moja— haloo?

BERNADINA: Unakwaruza, ila nakusikia.

NOELA: Nataka kumtafutia baba michembe. Sasa sijui niende duka gani.

BERNADINA: Huko Kanada nako wanaanika viazi vitamu, kuna michembe?

NOELA: Toronto kila kitu kipo, shida ni wapi. Chini ya ghorofa letu kuna supamaketi kubwa, lakini viazi vitamu vyao vina rangi ya karoti, ukichemsha vinageuka maji.

BERNADINA: Hivyo hapana. Huo ni uji.

NOELA: Ng'ambo ya barabara kuna Wachina, dakika tano kwa miguu. Wao wana vya ganda la zambarau, ndani vyeupe.

BERNADINA: Ukikivunja kinatoa maziwa?

NOELA: Sijakivunja. Huku ukivunja umenunua.

BERNADINA: Mh. Watu gani hao, kiazi hakivunjwi. Hakuna wengine?

NOELA: Wa tatu ni mama mmoja Mrundi, mwisho kabisa wa jiji. Ana dagaa, ana unga wa muhogo. Nimempigia jana, anayo michembe yenyewe, imekaushwa huko huko nyumbani.

BERNADINA: Sasa si uende kwa Mrundi? Unaniuliza nini?

NOELA: Ni mabasi mawili na treni. Kwenda na kurudi masaa manne, na theluji hii.

BERNADINA: Manne.

NOELA: Ndiyo.

BERNADINA: Basi chukua vya Wachina, vikate, uvianike. Siku nne tu vimekauka, tano kama kuna—

NOELA: Shangazi.

BERNADINA: —kama kuna mawingu, maana—

NOELA: Shangazi, siku nne hatuna.

BERNADINA: Daktari ndivyo alivyosema?

NOELA: Alikuja jana nyumbani. Akasema nimpe baba chochote anachotaka.

BERNADINA: Aah.

NOELA: Ndivyo alivyosema.

BERNADINA: Nimemwambia kaka yako Donatus aache shimo la dhahabu huko Nyarugusu, apande gari. Jioni hii atakuwa hapa.

NOELA: Aje kufanya nini?

BERNADINA: Aje tu. Awepo. Uwanja wenyewe huu hata haujafagiliwa.

NOELA: Msiufagie bado, hakuna msiba.

BERNADINA: Hatujaufagia. Lakini Noela, mwezi wa sita mlipoondoka nilimfungia michembe mwenyewe. Kilo nne, nikaushona mfuko kwa sindano. Imekwisha yote?

NOELA: Haikufika.

BERNADINA: Walikunyang'anya?

NOELA: Niliitupa. Pale uwanja wa ndege mzigo ulizidi, dada wa mizani akasema tutoe kilo nne. Ningeweza kutoa viatu vyangu, shangazi. Nikatoa michembe. Foleni nzima inatutazama, mimi na suti yangu, nikaona aibu. Nikamwambia baba, twende tu, Toronto kila kitu kipo.

BERNADINA: Naye akasemaje?

NOELA: Hakusema kitu. Jana napekua koti lake, natafuta kadi ya hospitali, mfukoni nikakuta chengachenga za michembe. Kumbe pale nilipogeuka alichota konzi moja kwenye pipa la taka akaficha. Miezi yote hii alikuwa anamung'unya peke yake, kipande kimoja kimoja, nisije nikajua.

BERNADINA: Ndivyo alivyo. Hata alipovunjika mkono utotoni, mama aliambiwa na majirani.

NOELA: Aliniona natupa chakula chake. Siwezi kumwacha aondoke na hilo, siwezi.

BERNADINA: Usilie barabarani, mama.

NOELA: Umejuaje niko barabarani?

BERNADINA: Nasikia magari. Umemwacha na nani?

NOELA: Jirani, mama mmoja Mfilipino. Nipo kituoni. Basi linakuja baada ya dakika sita.

BERNADINA: Michembe ameiomba leo?

NOELA: Aliiomba mwezi wa kumi na mbili.

BERNADINA: Nimekuuliza leo.

NOELA: Leo hasemi.

BERNADINA: Amekula nini?

NOELA: Vijiko viwili vya maji. Cha pili kilirudi.

BERNADINA: Mtu wa kijiko kimoja cha maji hawezi kutafuna michembe, Noela.

NOELA: Najua.

BERNADINA: Unajua, na umesimama kituoni.

NOELA: Nilitaka aishike tu. Ajue nimeitafuta.

BERNADINA: Siku bibi yako anaondoka, mimi nilikuwa mnadani. Nilikwenda kumtafutia kuku wa supu. Nimezunguka mnada mzima, huyu mwembamba, huyu mzee. Nikarudi na kuku mzuri kweli kweli mkononi, nikawakuta wanalia. Mpaka leo sijui aliniita au hakuniita.

NOELA: Hujawahi kuniambia.

BERNADINA: Ningekuambia ya nini. Hao Wachina wana karanga?

NOELA: Wanazo. Mbichi.

BERNADINA: Baba yako hajawahi kula michembe bila karanga. Nunua hizo. Zikaange kwenye sufuria kavu, uache mlango wa chumba chake wazi. Harufu itamfikia pale alipolala.

NOELA: Na ile ya uwanja wa ndege?

BERNADINA: Mwambie ulikosea. Mwambie kwa mdomo wako, leo, sio kwa mfuko wa Mrundi.

NOELA: Basi limefika.

BERNADINA: Mimi siko huko, mwanangu. Mguu ni wako.

(basi linanguruma)

BERNADINA: Noela?

NOELA: Limeondoka. Navuka kwenda kwa Wachina.

BERNADINA: Haya. Asante. Chaji yangu imebaki kidogo, sikiliza. Mimi ni mdogo wake, sijamwamkia tangu Jumapili. Mfikishie shikamoo yangu.

NOELA: Hawezi kuitikia, shangazi.

BERNADINA: Uitikie wewe, kwa niaba yake.

NOELA: Mimi nikuitikie wewe marahaba? Wewe shangazi yangu?

BERNADINA: Simu inazima, usinibishie. Shikamoo, kaka.

NOELA: Shangazi—

BERNADINA: Shikamoo, kaka.

NOELA: Marahaba. Marahaba, Bernadina.

BERNADINA: Haya. Kimbia sasa, mwa—

NOELA: Haloo? Shangazi? Haloo?