Kadi ya C Dirishani

Sogeeni karibu, Xiomara, na wewe Wilber zima hiyo televisheni, maana leo pumzi niliyo nayo inatosha kusema mara moja tu. Mgahawa nawaachia nyote wawili: jikoni ni kwa Xiomara, wateja ni wa Wilber, na asiwepo wa kumwingilia mwenzake. Lakini kabla hamjashika funguo, mjue ni nani aliyeuokoa.

Mlikuwa wadogo mwaka ule Siranush, mkaguzi wa afya, alipochomeka kipimajoto kwenye jibini langu la kujaza ndani ya chapati za mahindi za pupusa, akatazama, akachomeka tena kama mtu anayeomba awe amekosea, kisha akabandika kadi ya C dirishani, alama ya usafi hafifu ambayo kila mpita njia aliiona. Nilimpigia kelele: "Mimi napika pupusa tangu El Salvador, na hakuna aliyekufa!" Akanijibu taratibu, "Friji yako imekufa, dada, na hukujua."

Mjomba wenu Rutilio akaifunika kadi kwa kalenda ya Bikira Maria. Asubuhi mzee mmoja, mteja wetu wa siku zote, akauliza, "Eduviges, Bikira naye siku hizi anaficha nini?" Watu wakaangua kicheko, nami nikaona aibu kuliko ile ya C yenyewe. Nikaibandua kalenda mbele yao. Rutilio akaondoka amefura, na hajakanyaga kwangu hadi leo. Wiki nzima meza zilikaa tupu, na kila aliyechungulia nilimwambia ukweli: jibini lilipata joto, nimelitupa lote, friji ni mpya, ingia uone.

Siranush aliporudi alipima kila kitu, hata maji ya kunawia, hakunipendelea hata chembe. Akabandika A. Jumapili iliyofuata akaja bila mkoba wa kazi, amemshika mkono mama yake mzee, akamketisha, akaagiza pupusa za jibini, akazikata vipande vidogo vidogo na kumlisha. Wanangu, mwanamke aliyeona uchafu wa majiko yote ya Los Angeles alimlisha mama yake chakula changu! Sijapata kuheshimiwa hivyo tena maishani.

Basi mkaguzi akija, mfungulieni kila mlango. Rutilio mpigieni simu, mwambieni dada yake anamwita, asichelewe... Nipeni maji. Kidogo tu. Mungu aibariki mikono yenu, na yeyote atakayekula kwenu ainuke na afya... Wilber, usilie. Mshike dada yako mkono. Ndiyo... hivyo. Kaeni hivyo hivyo.