Maisha ya Gommaar Vranken na Peasi la Ukweni

Padre, ndugu, majirani wa Oplinde, na ninyi mliotoka mbali kupitia barabara zenye barafu, mimi ni Remi Swennen, shemeji yake marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake, nami nimekubali kwa sababu kuna jambo ambalo nisipolisema leo sitalisema tena.

Gommaar Vranken alizaliwa hapa Oplinde tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa tatu wa mzee Jozef Vranken na mama Paulina, katika nyumba ileile aliyoishi hadi mwisho. Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1950 hadi 1956, kisha akaenda shule ya kilimo cha bustani huko Sint-Truiden, akahitimu Juni 1962, na walimu wake walikuwa wakisema kijana huyu ana mikono ya daktari na kichwa cha punda, sifa mbili alizokaa nazo maisha yake yote. Baada ya mwaka mmoja wa jeshi aliajiriwa Septemba 1964 kwenye mnada wa matunda, akianza kama mchambuzi wa kawaida na kupanda hadi mkaguzi mkuu wa mapeasi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2004, na wenzake walioko hapa watanishuhudia kwamba mkulima mwenye sanduku la mapeasi mabovu chini na mazuri juu alikuwa akimwona Gommaar anageuza njia.

Tarehe 12 Aprili 1969 alifunga ndoa katika kanisa hili na dada yangu Lutgard, na tarehe 9 Novemba 1972 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Reinhilde, ambaye mnamwona hapa mbele. Nyuma ya nyumba yao walikuwa na nusu ekari, na humo Gommaar akakusanya mipeasi ambayo hakuna mfanyabiashara angeigusa, peasi lenye nyama nyekundu, peasi lenye mistari kama soksi, peasi lenye ganda la kiazi, peasi gumu linaloiva Februari ndani ya sanduku la mchanga, miti sitini na mmoja na kila mmoja wa aina yake, yote kaibebesha kwa mkono wake, akiunga vikonyo, yaani vijiti vyenye macho ya kuchipua, juu ya mashina ya miti mingine. Dada yangu alikuwa akimtania mbele za watu, "Mume wangu akiona fimbo ya kipofu anaitazama mara mbili, kama ina macho ya kuchipua."

Lakini mti wa sitini na mbili ulikuwa wa kwetu, ukisimama shambani kwangu. Babu yetu Teofiel aliuokota kwenye uzio wa shamba, mpeasi usiojulikana na mtu mwingine yeyote, tunda lake la kijani chafu, gumu kama jiwe hadi Krismasi, halafu kwa wiki moja tu linakuwa tamu lenye harufu ya lozi, na nyumbani tulikuwa tukilipika na nyama ya sungura siku ya mwaka mpya. Tuliuita Teofiel, kama mtu. Mnajua desturi yetu ya Jumapili moja ya Februari, tunapokutana ukumbi wa parokia kila mtu na vikonyo vyake vimefungwa kwenye gazeti bichi, huyu anampa yule, yule anampa huyu, bila bei. Gommaar alitoa kila alichokuwa nacho isipokuwa hicho kimoja. Ukimwomba Teofiel anakujibu, "Huyo ni wa ukweni, haazimwi mtu," na watu wanacheka, na mimi nilikuwa nikicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa majivuno.

Mwaka 1996 Lutgard alianza kuugua. Mti wa babu shambani kwangu ulikuwa umekauka kichwa, haujazaa kwa miaka sita, na dada yangu alitaka kulionja tunda la kwao tena. Ukibebesha kikonyo juu ya mpeasi mwitu unangoja miaka kumi, ukibebesha juu ya kwinsi, mti mdogo wa jamii ya mpeasi, unakula baada ya mitatu au minne, ila Teofiel hapatani na kwinsi, lazima katikati yao kikae kipande cha mpeasi mwingine unaoelewana na wote wawili, tunachokiita mpatanishi. Gommaar alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika jimbo hili. Machi 1997 alibebesha vikonyo vinne moja kwa moja juu ya kwinsi, bila mpatanishi, kwa hofu kwamba kipande kile kingemchelewesha hata mwezi mmoja, na vilipochipua akaja kwangu akaniambia, "Kata tu lile gogo, shemeji, wanne wote wameshika." Nikalikata, nikajenga banda la trekta.

Haraka ile haikumletea kitu. Miti ilichanua masika ya mwaka 2000, Lutgard akabebwa kwenye kiti hadi bustanini akayaona maua, na akafariki tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, matunda kumi na moja yakiwa bado magumu mtini. Miti miwili ilidhoofika ikafa. Kila Februari nilimwuliza, "Utamwekea Teofiel mpatanishi lini?" naye akanijibu, "Mtu mzima hapasuliwi bila ugonjwa."

Sasa nafika pale. Julai 2010 Gommaar alikwenda kuhiji Lourdes na Reinhilde kumwombea Lutgard, akaniachia ufunguo. Siku ya tarehe 14 ulipiga upepo mkubwa, na nilipoingia bustanini kesho yake ile miti miwili iliyobaki ilikuwa chini, imekatika pale ilipounganishwa, laini kabisa, kama imekatwa kwa msumeno. Nilimwonea huruma. Nikasema asirudi akute msiba juu ya msiba, nikayakusanya matawi yote, nikayachoma, nikafagia hadi jivu. Macho ya kuchipua ya mwezi wa Julai yanabebeshwa, ndugu zangu, mtoto wa shule ya kilimo anajua hilo, na yangekaa siku nne kwenye gazeti bichi bila shida, naye alirudi siku ya tatu. Aliponiuliza, "Shemeji, ulichoma yote?" nilimjibu kwa fahari, "Yote, hata majani." Alitazama pale nilipofagia, akanishukuru kwa kazi niliyofanya, akanimiminia kahawa. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote kwa miaka kumi na mitatu, na afadhali angenilaumu.

Miaka hiyo yote alizunguka kwa baiskeli nyua za mapadre, kuta za mashamba ya zamani, vijiji ambavyo babu yangu hakufika kabisa, akitafuta kama kuna mtu aliyewahi kumwibia kikonyo cha Teofiel. Nadhani ni mwanamume pekee Ubelgiji aliyeomba Mungu awe ameibiwa. Hakuibiwa.

Mei 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Tarehe 4 Januari mwaka huu, akiwa hospitali, nilimpelekea peasi nililolinunua dukani, nikalimenya kwanza nje asilione ganda, nikamwambia, "Amepatikana, shemeji, Teofiel amepatikana, upande wa Tongeren." Alitafuna kipande kidogo kwa muda mrefu, mtu aliyejua mapeasi mia kwa ulimi huku kafumba macho, kisha akanishika mkono akasema, "Ndiye mwenyewe, Remi." Sijui kama ulimi wake ulikuwa umeshakufa, au kama alinidanganya kama nilivyomdanganya, ili nilale. Silali. Alifariki tarehe 23 Januari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliompikia supu na kuwalisha kuku wake, na wenzake wa mnada mliombeba leo. Marehemu ameandika kwamba bustani yote iko wazi Februari hii, basi njooni na visu vyenu mkate vikonyo vya miti yote sitini na mmoja, mtu asiombe ruhusa, na msiuache hata mmoja ukabaki kwetu peke yake.

Pumzika sasa, shemeji yangu, na amani ikufunike. Ukimwona Lutgard, usibebe lawama yangu, mwambie aliyechoma ni mimi.