Ngazi Kumi na Moja za Maktaba ya Wessel

Benchi letu liko chini kabisa ya ngazi za maktaba ya Wessel, hapa Nebraska, na tunaolikalia ni watatu. Jaji hajawahi kuhukumu hata kuku. Aliitwa mara moja kuwa mzee wa baraza mahakamani, siku mbili tu, akarudi na jina. Silo aliangalia ghala la mahindi la mji mpaka likafungwa. Mimi ni Posta, niliyepeleka barua za watu hadi magoti yakagoma. Kahawa huleta Silo, chungu balaa, na kila Jumatano Bi Verna, mkutubi, hutushushia vitabu kwenye kapu la kufulia, maana hakuna kati yetu anayeziweza tena zile ngazi. Jumatano hii Jaji alikuja na karatasi. Kesho yake baraza la mji lilikuwa linapiga kura: ngazi zivunjwe, iwekwe njia ya mteremko. Karatasi ilisema hapana, na ilikuwa na majina sitini na mawili, la kwake likiwa la kwanza.

— Jengo hili ni zawadi ya yule tajiri wa viwanda vya chuma, aliyejengea miji maktaba, Jaji akaanza. Mtu akikupa shati, unakata mikono?

— Nikisikia joto, nakata, akasema Silo.

— We naye. Yule mzee aliagiza ngazi kumi na moja, kwa barua. Alitaka mtu aipandie elimu, asiingie kama anaingia duka la mbolea.

— Acha zako, Jaji. Alitaka watu wafike mlangoni pumzi zimekata. Utapiga kelele na nini? Ndiyo maana mle ndani kimya miaka yote.

Nikaona wamepotea wote wawili, nikaingilia kati.

— Mnajua alikuwa mfupi? Babu yangu aliniambia. Alipanga kuja kufungua mwenyewe, akataka asimame juu awaone wakulima utosini.

— Akaja?

— Hakuja.

— Sasa babu yako alijuaje ni mfupi?

Nikanywa kahawa. Jaji akainama, akapunguza sauti.

— Chini ya ngazi ya nane kuna sanduku. Ndani kuna hati. Ukivunja tu, mji mzima unarudi kwa wajukuu wa tajiri. Hata benchi hili.

— Na kahawa yangu?

— Hiyo hawataitaka.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Rosalba, yule mama wa kiwanda cha nyama, anamsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Mume anaitwa Eliseo. Mashine ya kiwandani ilimvunja mgongo masika yaliyopita, na tangu hapo tulikuwa hatujamwona nje. Jaji akamkunjulia karatasi kwa heshima zote.

— Dada, tunaokoa maktaba. Weka jina lako hapa.

Rosalba akaisoma yote, taratibu. Kisha akatazama ngazi.

— Samahani wazee wangu. Mume wangu anaingilia wapi?

Jaji akamtazama Silo, Silo akanitazama mimi. Nikaanza kusema kuna mlango wa nyuma, nikakumbuka ni wa kuingizia makaa ya mawe, una ngazi zake za kushuka. Niliona aibu, sifichi. Eliseo alikuwa ananitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Hapo Bi Verna akatokea juu. Alishuka kiubavu, mguu mmoja kwanza, wa pili ukafuata, mkono kwenye chuma cha kushikilia. Hakuwa na kapu. Alipofika kwetu uso ulikuwa umemtoka jasho.

— Vitabu viko wapi, mama? Silo akauliza.

— Viko juu. Nyonga imekataa, Lowell. Daktari kanipa mpaka Ijumaa niache kupanda ngazi. Mteremko ukijengwa, nitarudi na mkongojo wangu. Usipojengwa, naenda kukaa kwa binti yangu.

— Na Jumatano zetu?

Alijifuta jasho.

— Lakini Bi Verna, Jaji akasema, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi. Barua ya tajiri ilitaka ngazi.

— Wewe umeisoma, Delmar?

— Kila mtu anajua.

— Iko kwenye fremu, nyuma ya meza yangu. Neno ngazi halimo. Alitaka kitu kimoja tu, mlango uwe wazi kwa kila mtu wa mji huu. Ngazi ni za babu zenu. Maktaba ya Kolby, mji wa jirani, ilikuwa na kumi, wakasema sisi tusipitwe.

Jaji aliinuka. Nilidhani anaondoka kwa hasira. Kumbe alishika chuma akaanza kupanda, anataka kuiona hiyo barua kwa macho yake. Moja, mbili. Ya nne alisimama sana. Ya sita akakaa, mkono kifuani, na mlango ulikuwa ngazi tano juu yake. Silo akamwita ashuke, asijitie hatarini. Jaji akabaki pale anahema, anamtazama Eliseo, na Eliseo anamtazama.

— Posta, akasema pumzi ilipomrudia. Futa jina langu.

Nikaichukua karatasi kwa Rosalba, nikalifuta. Kisha nikashuka kwenye orodha, nikatafuta la kwangu.