Mkono Uliokataa Mwiko

Akina mama, asanteni kwa kunipa nafasi. Walio nyuma wasiposikia wainue mkono, nami nitawajibu kwa huu wangu wa kulia. Mnacheka, lakini kuna wakati haukuinuka.

Niliolewa hapa Kisian miaka ya tisini, nikiwa bado nachezea timu ya voliboli mjini Kisumu. Nilikuwa mpigaji, na wapinzani walinijua. Siku moja nikapiga mpira vibaya, kifundo cha mkono kikalia ndani, ta! Nikafunga bandeji, nikamaliza mechi. Ujana ni kitu kingine.

Kuanzia hapo, ndugu zangu, kushika mwiko ikawa vita. Nyumba ya watu wengi, sufuria kubwa, na ugali wetu mnaujua, hausongwi kwa vidole. Nikiugeuza, maumivu yanapanda mpaka begani. Nikawa naleta uji mzito mezani na kuuita ugali. Mama mkwe wangu akasema mbele ya wageni, "Mkono ya kupiga mpira iko. Ya kusonga ugali hakuna?"

Hayo maneno yaliniuma kuliko kifundo chenyewe.

Hospitalini nikapigwa eksirei. Mfupa mzima kabisa. Nawaambia, hiyo picha nzuri ndiyo iliyonimaliza. Nyumbani nikawa mvivu, kwenye timu nikawa mwoga wa mazoezi, na mume wangu naye akaanza kunyamaza. Nikafungasha nguo zangu kwenye mkoba, nikauficha nyuma ya mlango wa jikoni.

Wiki hiyo hiyo daktari mwingine wa mjini aliuzungusha mkono wangu polepole, akahisi kitu kinateleza. "Eksirei inaona mfupa, Mama," akasema. "Kano haioni vizuri. Nairobi kuna mashine inaitwa MRI."

Timu ikatusaidia, tukaenda. Nilivuliwa hereni, pete, mpaka pini za nywele, kwa maana mashine ile ni sumaku. Nikalala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele ya kichwa, huku inanguruma kama kinu cha posho. Niliomba jambo moja tu, waone kitu. Hebu fikirieni, mtu mzima anaomba apatikane na ugonjwa!

Wakaona. Kano ilikuwa imechanika.

Nyumbani mume wangu aliinua filamu dirishani, akamwonyesha mama yake: mstari mweusi ndio kano, na hapa peupe ndipo ilipochanika. Mama akaangalia sana. Halafu akanifuata jikoni, akanitoa mwiko mkononi, akaniita nyathina, mtoto wangu, kwa mara ya kwanza. "Kaa chini," akasema.

Alisonga ugali wa nyumba nzima mpaka nikafanyiwa upasuaji na plasta ikatoka. Voliboli sikurudia kama zamani, lakini ugali mnakuja kula kwangu.

Namshukuru daktari, timu, mume wangu, na huyo mama aliyeketi hapo mbele akijifanya hanisikii. Mtu akikwambia anaumia, mwamini kwanza, picha itafuata.

Na ule mkoba? Mama aliuona siku ile ya filamu, nyuma ya mlango. Aliupangusa majivu, akaniwekea mapajani.

"Hizi nguo zitanuka moshi," akasema. "Rudisha kwa nyumba yako."