Hilary Thackray na Kanda Isiyofika Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Bi Hilary Thackray anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya watu wazima kwa miaka thelathini na minane. Mimi ndiye niliyemwajiri nilipokuwa mkuu wa shule. Alikuja kwenye usaili na viatu vilivyolowa maji ya bahari, akaomba chai kabla hajaulizwa swali hata moja.

Wanafunzi wake walikuwa wageni wanaopasua samaki kiwandani. Muhula mzima aliwafundisha kitenzi kimoja tu. Alichukua "get", akakiambatisha na vineno kama "up" na "on": kwa hiki mtu anaamka, kwa kile anapanda basi, kwa kingine anapona au anaelewana na jirani. Yote waliyaigiza. Siku moja darasa zima lilipanda basi la viti na kushuka kwa kishindo hadi mlinzi akaja mbio.

Alirekodi pia kanda. Sauti yake husema sentensi, kisha hufuata kimya ili mwanafunzi aseme. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kutoka kabla ya sentensi ya mwisho.

Novemba 1983, Deolinda Frazão, mama mmoja wa Kireno, aliomba ruhusa.

"Mwalimu, niachie leo tu. Upepo umeanza, na mtoto yuko kwa jirani."

"Haya, wahi mama. Hiyo ya mwisho utanisomea wiki ijayo."

Jioni hiyo, njiani, wimbi lilimkumba kwenye ukuta wa bahari. Mwili haukupatikana.

Wiki iliyofuata, katika kimya cha kanda, Deolinda alijibu.

Wanafunzi waliokuja baadaye walidhani ndivyo kanda ilivyotengenezwa. "Yule dada wa kwenye kanda ana aibu," walisema, kwa kuwa alikuwa akisitasita. Lakini mwaka hadi mwaka kusita kulipungua. Deolinda alikuwa anajifunza.

Keith, fundi wetu, alimtania Hilary kila mwaka. "Bi mkubwa, hiyo mashine ipeleke makumbusho, na wewe ubaki nayo hukohuko."

"Nenda zako, Keith. Ina afya kukushinda."

Keith alipojaribu kuihamishia kanda kwenye kompyuta, nakala ilitoka na sauti ya Hilary tu. Vipindi vyote vya kimya vilikuwa vitupu. Keith hakutania tena.

Na kila mara Hilary aliizima kabla ya sentensi ya mwisho. Alisema mwisho wake umeharibika. Daktari amenishauri nisiahirishe mambo, kwa hiyo naliandika hili: nilijua haujaharibika. Mwaka 1986 nilipita mlangoni pake, nikaitambua sauti ile, nikarudi ofisini na kukaa kimya. Hilary aliishi miaka yote akiamini kwamba ni yeye peke yake aliyebaki anayejua sauti hiyo ni ya nani.

Nilimwambia hilo majira haya ya kuchipua, aliponitembelea katika nyumba ya wazee. Aliisukuma chai yake pembeni.

"Akishasema ya mwisho, ataondoka," alisema.

"Ndiyo. Mwache aende, Hilary."

"Nimemfundisha kuliko mtu yeyote, Wilfred. Ni nani atakuwa naye?"

"Na wewe ukiondoka Juni, nani atamfungulia?"

Alhamisi iliyopita Keith alinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye somo la mwisho. Hilary aliiacha kanda iendelee. Sauti yake ya ujana ilisema: "Nitafika nyumbani kabla giza halijaingia." Kikafuata kimya. Kisha Deolinda akaisema yote, taratibu, bila kusita popote. Wanafunzi wakampigia makofi, kama wanavyopigiana wao kwa wao.

Ndani ya kanda kiti kilisogezwa. Lakini mlango uliofunguka ulikuwa wa darasa letu. Baridi yenye harufu ya chumvi ilipita miguuni mwangu. Hilary alikwenda akaushika mlango wazi, kama mtu anavyomshikia mwenzake mwenye mizigo, na hakuufunga haraka.

Keith ameirudisha kanda nyuma na kuisikiliza yote. Anayesikika ni Hilary tu.

Bi Hilary, asante kwa watu wote uliowapa maneno ya kuombea kazi, kugombana na mwenye nyumba na kucheka na majirani. Asante pia kwa Alhamisi. Pumzika sasa, uamke saa uitakayo, na siku zako ziwe njema. Na kwake aliyetangulia kutoka, tunamtakia afike nyumbani, amkute mwanawe.

Wilfred Garbutt