Bi. Phelesia Awuor: Anayekwenda Baada ya Kutufundisha Kuvuta Kiti

Baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Asego Ziwani kwa zaidi ya miaka ishirini na sita, Bi. Phelesia Awuor anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Jioni hiyohiyo nambari yake ya simu itafutwa kwenye kuta zote za chuo. Ameomba hivyo mwenyewe. Zawadi nyingine alisema tusihangaike nayo.

Aliajiriwa mapema mwaka 1999 kama msaidizi wa chumba cha kompyuta. Wakati huo chumba kilikuwa kimoja tu, hapa Homa Bay, chenye kompyuta sita zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Vitambaa alivifuma yeye. Kazi yake ilikuwa kuvitoa asubuhi, kuwafundisha wanafunzi kuandika kwa vidole vyote, na kuvirudisha jioni. Wengi wetu tuliionea wivu kazi hiyo.

Kisha ikaja printa. Ikafuata kengele ya umeme, vipaza sauti vya sherehe, kamera ya langoni, na jenereta, ambayo alipewa kwa sababu nayo ina vitufe. Mwalimu Onchiri, mkuu wa chuo wa wakati huo, alikuwa na kanuni fupi: chenye waya ni cha Phelesia. Ulipofika mtandao usiotumia waya tulidhani angalau huo umemkwepa. Nao akapewa. Mashine ya kusaga nyama ya jikoni aliikataa kwa siku mbili, siku ya tatu akaonekana amebeba bisibisi.

Mara tatu aliomba nyongeza, na mara tatu akaongezwa: mara ya kwanza kampasi ya Uriri, mara ya pili kampasi ya Mbita, mara ya tatu cheo cha kaimu mkuu wa kitengo cha teknolojia. Mshahara ulibaki wa msaidizi. Ukaimu huo ulidumu miaka kumi na mmoja, na katika kitengo alikuwa peke yake. Kemuma wa ofisi ya wafanyakazi alipenda kumtania kila wanapokutana kwenye ngazi: "Kaimu, leo watu wako wako wapi?" Naye hujibu bila kusimama: "Nimewapa ruhusa wote, nimebaki mimi."

Isidhaniwe kwamba hakuumia. Aliwahi kupata kazi nzuri zaidi mjini Migori, akafikiria wiki nzima. Alibaki, lakini hakuwahi kutudanganya kwamba ni kwa mapenzi. Binti yake Dorine alikuwa kidato cha tatu hapa jirani, na hakutaka kumhamisha.

Tatizo lililomchosha kuliko mshahara lilikuwa simu. Nambari yake iliandikwa kwa kalamu nene juu ya printa, kwenye mlango wa jenereta, ubavuni mwa friji ya jikoni, na hata katika choo cha wanaume, karibu na kifaa cha kukaushia mikono. Ilimfuata kanisani, ilimfuata matangani. Nyumbani kwao Mfangano mama yake aliizoea milio ile hata akawa anauliza, "Leo nani ameharibu?"

Mambo yalibadilika kwa sababu ya neno moja. Ilikuwa wiki ya kusajili watahiniwa, na kampasi ya Mbita haikuwa na mtandao. Karani wa huko, Levis, akampigia Phelesia, aliyekuwa juu ya ngazi kampasi ya Uriri. Phelesia akamwelekeza: toa laini, ngoja kidogo, rudisha. Yeye alimaanisha waya wa mtandao. Lakini huku kwetu laini ni ile kadi ndogo inayokaa ndani ya simu, na Levis, kijana mtiifu, akaitoa laini ya simu ileile aliyokuwa akizungumzia.

Simu ikakatika. Phelesia akapiga tena na tena, Levis hapatikani. Akaamini kijana amepigwa na umeme. Alishuka kwenye ngazi akaacha vifaa vyote hapohapo, akasafiri kutoka Uriri hadi Mbita akimwomba Mungu njia nzima. Alimkuta Levis anakunywa chai, mwenye afya njema na manung'uniko. "Madam, nimetoa laini nikarudisha vile ulisema. Mtandao bado, na sasa hata simu imekufa." Alikuwa ameirudisha kichwa chini.

Walioshuhudia wanasema Phelesia alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Alipofuta macho hakuugusa waya. Alimwambia Levis maneno mawili: vuta kiti. Akamkalisha kando yake, akamwonyesha, akamwacha afanye mwenyewe hadi mkono ukazoea.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa kanuni yake. Ukileta kitu kilichoharibika, unavuta kiti unakaa nacho. Usipokaa, hakiguswi. Manung'uniko yalikuwa mengi. "Madam, mimi niko na darasa. Si wewe ndiye wa kompyuta?" Alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye kiti. Ajabu ni kwamba nusu ya mashine zilipona zenyewe kwa hofu ya kiti kile. Mhasibu wetu, Mama Lynnet, alikuwa akifika mlangoni na kompyuta yake kifuani, akikiona anageuka: "Wacha kwanza nizime niwashe."

Leo Mama Lynnet hubadilisha wino wa printa akiwa amevaa nguo za harusini, na hachafuki. Cliff wa langoni huwasha jenereta na kuiponya homa zake. Levis anaiendesha Mbita yote na tayari ana kiti chake cha kuwakalishia wengine. Phelesia hakupewa watu wa kitengo, akawatengeneza kutokana na sisi. Mwezi Machi bodi ilimwondolea ukaimu, akawa mkuu kamili kwa mshahara wa mkuu, na wanaochukua nafasi yake wataajiriwa watatu. Alipoulizwa maoni yake kuhusu idadi hiyo alisema wataelewana vizuri, kwani yeye na wenzake wawili aliowapa ruhusa hawakuwahi kugombana.

Sasa anarudi Mfangano, kwenye nyumba aliyoijenga polepole, kwa mama anayemngoja na sindano za kufuma zilizopumzika miaka mingi. Sisi tuliofika hapa kwa mkataba mfupi tukazeekea hapahapa, ambao kwetu pamebaki jina tu katika mazungumzo, tunajua uzito wa kuwa na mlango unaokungoja ukiwa wazi. Tusiupigie simu kila asubuhi.

Kwa hiyo rangi nyeupe imeshanunuliwa. Levis atatoka Mbita kuja kupaka wa kwanza, juu ya printa, na choo cha wanaume kimekabidhiwa kwa Mwalimu Onchiri, anayekuja kwa ajili hiyo akiwa mstaafu mwenzake. Nambari moja tu itabaki, kwenye mlango wa maktaba, na mwenyewe ameiridhia kwa sharti moja: anayeipiga amjulie hali, asitaje mashine.

Bi. Phelesia, erokamano, asante kwa kila waya, na kwa kila ambacho hakikuwa na waya. Tunakutakia maisha mema na simu iliyonyamaza. Kikiharibika kitu, tutakaa nacho. Safari hii, vuta kiti wewe, ukae.

Hamud Shee
Maktaba, Kampasi Kuu